Haki ya Kwanza ni ya Ukuta

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Maneno mengi yamesemwa juu ya Mji Mkongwe wa Unguja. Husemwa kuwa mji huu ni hazina, ni fahari, ni urithi wa wazee wetu. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza. Mwaka 1994 ukatolewa mpango wa kuelekeza nini kijengwe na nini kisibomolewe. Na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yote ni mambo ya kheri, na mwenye kuyafanya anastahiki shukrani. Lakini shukrani haimzuii mtu kupima. Na mizani tunayotaka kuitumia katika makala haya si ya kigeni. Ni mizani ile ile iliyouweka mji huu wima kabla ya kuwapo mamlaka na kabla ya kuwapo orodha yoyote ya dunia, nayo ni sheria ya wakfu.

Kila mwanafunzi wa fiqhi anakijua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar, mali ambayo hajapata kuwa na mali aipendayo kuliko hiyo. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamshauri aizuie ile ardhi yenyewe na mazao yake ayatoe sadaka. Basi ardhi ile ikawa haiuzwi, haipewi mtu wala hairithiwi, na pato lake likawaendea mafakiri, jamaa, wasafiri na wengineo wenye haja. Huo ndio msingi wa wakfu: shina halitoki, na matunda hayakomi.

Wanachuoni walipoufafanua mlango huu wakataja jambo moja ambalo watu wengi hulipita bila ya kulitazama. Wakasema kwamba pato la wakfu kwanza hutumika kuutengeneza wakfu wenyewe, hata kama aliyeuweka hakulitaja hilo katika sharti zake. Kikibaki kitu ndipo huwafikia wale waliowakifiwa. Na sababu yake iko wazi, kwani nyumba ikianguka leo, yatima wa kesho atakula nini? Kwa hivyo ukiuliza nani mwenye haki ya mwanzo katika kodi ya nyumba ya wakfu, jawabu ni kuwa si imamu, wala si mwanafunzi, wala si mjukuu wa marehemu. Haki ya kwanza ni ya ukuta.

Mji Mkongwe uliishi kwa kanuni hii. Katika eneo dogo lile, ambalo mtu hulivuka kwa miguu bila ya kuchoka, kuna misikiti inayokaribia 50, na mingi katika hiyo ilitegemea duka, nyumba au shamba lililowakifiwa kwa ajili yake. Mtu alijenga nyumba, akaacha chumba cha chini kikodishwe, na kodi yake ikanunua mafuta ya taa, ikatengeneza kisima, ikampa mwalimu wa chuo riziki yake. Mwengine aliwakifu nyumba kwa kizazi chake ili asipatikane wa kuiuza na kuwaacha wanawake na watoto njiani. Wakfu ulikuwa ndio mfuko wa matengenezo wa mtaa. Haukuwa na ofisi kubwa, lakini ulikuwa na mutawali aliyejulikana kwa jina, na watu wa mtaa waliokuwa wakimtazama kila siku akipita.

Hapa yafaa tueleze nyumba zenyewe zimejengwaje, kwani asiyejua nyumba inavyokufa hawezi kujua namna ya kuihifadhi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nazo ni nene. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, upana wa vyumba haukuweza kuvuka sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa, na chokaa hiyo hupigwa kwa vipande vya miti kwa siku nyingi, watu wakiimba, mpaka ishikane. Nyumba hiyo ikitunzwa huishi miaka mia mbili na zaidi. Lakini adui yake ni mmoja, nayo ni maji. Paa likipasuka na lisizibwe, maji huingia ukutani, udongo hulainika, kichwa cha boriti kilichozikwa ndani ya ukuta huoza bila ya mtu kukiona, kisha siku moja sakafu huja chini pamoja na waliolala juu yake.

Basi zingatia, ewe msomaji, kwamba nyumba ya namna hii haitaki fedha nyingi kwa siku moja. Inataka fedha kidogo kila mwaka kabla ya masika. Na huo ndio mwendo wa wakfu: kodi ndogo isiyokatika, na sehemu yake ya mwanzo iwe ya ukuta.

Mwendo huo ulikatika. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na wenye nyumba wengi wakaondoka nchini. Watu wa shamba na wa Pemba wakapewa vyumba, na hilo kwa upande wa haki za wanyonge lilikuwa na sababu zake, kwani palikuwa na majumba yenye vyumba vitupu huku watu wakikosa pa kulala. Lakini nyumba moja iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa na koo sita, na paa likawa la kila mtu, maana yake si la mtu yeyote. Kodi ikawa kitu cha jina tu. Hata nyumba za wakfu zilizobaki katika wakfu, kodi zake kwa miongo mingi zilikaa chini mno ya gharama ya kununua mifuko michache ya chokaa. Watu walifurahi kwamba kodi ni rahisi, na wengine wakaiita huruma. Kwa mizani ya fiqhi, hiyo haikuwa huruma. Ilikuwa ni kumnyang'anya ukuta haki yake na kumpa mpangaji wa leo, na mpangaji wa kesho akaachiwa kifusi.

Sasa tuitazame hifadhi iliyokuja baada ya hapo, tuipime kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883, likawa jumba refu kuliko yote mjini, lenye nguzo za chuma na roshani zinazolizunguka, na baadaye likatiwa umeme na lifti, mpaka watu wakaliita nyumba ya maajabu. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliharibu majumba ya jirani na mnara wa taa uliokuwa mbele yake, lakini lenyewe likasalimika. Likatumiwa kwa kazi za serikali, likaja kuwa makumbusho. Mwaka 2012 pembe yake moja iliporomoka. Hiyo ilikuwa ni ilani iliyo wazi. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo kwa msaada wa Oman ikiwa imekwishaanza, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ikaanguka, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Jumba hili halikuwa wakfu, ni jumba la ufalme, na hatusemi kuwa watu hawakulishughulikia. Tunalosema ni kuwa jengo lililopigiwa picha kuliko majengo yote ya Unguja, ambalo hakuna mgeni aliyefika asilione, limeanguka mbele ya macho ya watu wote, miaka minane baada ya kutoa ilani. Halikukosa sifa, na wala halikukosa wageni wenye kulipa kiingilio. Lilichokosa ni ile sehemu ya kwanza, ya kila mwaka, isiyongoja msaada wa mbali. Msaada ulipofika, maji yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yao.

Mfano wa pili ni jengo la zamani la zahanati pale Malindi, karibu na bandari, lililojengwa kwa mali ya tajiri Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19 na kukarabatiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni katika miaka ya 1990. Hapa lazima tuseme kweli kwa insafu: kazi ile ni nzuri. Nakshi za mbao za roshani zake zilirejeshwa kwa mikono ya mafundi, si kwa kuigizwa, na kuta zikarudishiwa chokaa badala ya kufunikwa saruji. Na faida yake haikuishia katika jengo moja, kwani vijana waliojifunza pale walipata ujuzi uliokuwa ukipotea. Ujuzi huo ni wa lazima. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke. Ukiipaka juu ya ukuta wa udongo na chokaa huyafungia maji ndani, ukuta ukaoza huku uso wake unang'aa. Mtu huona amefanya wema, kumbe amemvisha mgonjwa kanzu mpya na kumwacha na maradhi yake.

Hata hivyo jengo moja zuri si mtaa. Pale panajibiwa suala la namna ya kutengeneza, na suala la nani ataishi hapajibiwi.

Na hapo ndipo tunapofikia mfano wa tatu, nao ni nyumba nyingi zilizogeuzwa hoteli na nyumba za wageni. Tangu biashara ya utalii ilipofunguliwa, na baadhi ya nyumba za serikali zikauzwa kwa watu binafsi, fedha zimeingia mjini kwa wingi ambao mutawali wa zamani hakuuota. Paa zikazibwa, kuta zikapakwa rangi, milango ikang'arishwa. Mwenye kutazama kwa mbali atasema mji umeokoka. Sisi tunasema: tazama tena, uingie ndani.

Nyumba ya Mswahili wa pwani ilijengwa juu ya adabu kabla ya kujengwa juu ya msingi wa mawe. Nje kuna baraza, ili mwanamume ampokee mgeni, amnyweshe kahawa na kuzungumza naye bila ya watu wa ndani kudhikika. Kisha kuna mlango mzito, na nyuma yake ukumbi, na ukumbi haumfikishi mtu uani moja kwa moja, ili anayepiga hodi asione lisilo lake. Madirisha ya juu yana mbao za kuzuia macho, mtu wa ndani hupata upepo na wa njiani hapati cha kutazama. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nuur ametukataza kuingia nyumba za wengine mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Wazee wetu aya hiyo waliisoma, kisha wakaijenga.

Sasa nyumba hiyo inapogeuzwa hoteli, ukuta hubaki na adabu hutoka. Ua uliokuwa wa akina mama unakuwa mahali pa wageni waliovaa nguo za kuogelea. Juu ya mapaa huwekwa viti na meza, na kutoka hapo macho hushuka katika nyua za majirani ambao bado wana mabinti na wana staha. Na mlango wenye kuchongwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya kizingiti chake, leo nyuma yake huuzwa ulevi. Kwa hesabu ya anayehifadhi mawe, nyumba hiyo imehifadhiwa. Mlango upo, nakshi ipo, hata misumari ya shaba ipo. Lakini fiqhi ina kanuni inayokataza mtu kudhuru na kudhuriwa, na macho ya juu ya paa ni dhara kwa jirani. Mpango wa hifadhi unaopima urefu wa jengo na umbo la dirisha lakini haupimi dirisha linatazama wapi, una upungufu mkubwa.

Na huo urefu wenyewe, je, umelindwa? Kule Shangani, penye jengo la Mambo Msiige, ilijengwa hoteli kubwa ya ufukweni ambayo Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe iliilalamikia. Basi fundi maskini akiongeza chumba cha mabati juu ya paa lake husimamishwa, na mwenye mali huendelea. Sheria ikiwa hivyo haiheshimiwi na yeyote.

Jambo la pili katika mfano huu ni zito zaidi. Nyumba moja ya wageni ikishinda katika biashara, nyumba ya pili hupanda bei, na ya tatu mwenyewe hushawishika kuuza. Mjukuu aliyezaliwa Malindi au Mkunazini huhamia Ng'ambo, na kutoka Ng'ambo huhamia mbali zaidi, hurudi mjini asubuhi kufanya kazi na kuondoka jioni. Msikiti wa mtaa hubaki na safu moja wakati wa alfajiri. Chuo kilichokuwa kikisikika njiani kwa sauti za watoto hunyamaza. Lamu nako, mji ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, watu wa Shela wameona nyumba zao nyingi zikinunuliwa na Wazungu na kutengenezwa vizuri sana, nyumba ambazo sehemu kubwa ya mwaka hazina mtu. Matunda yapo, tena ni mengi. Lakini je, wanaokula ni waliokusudiwa? Na ile sehemu ya kwanza, ya ukuta wa jirani maskini ambaye mtaa wake ndio unaouzwa kwa picha, iko wapi?

Atasema msemaji: Sheikh, unataka watu wakae gizani, wachote maji kisimani, wasipitishe gari? La, hatusemi hivyo. Sayyid Barghash mwenyewe alileta maji ya mifereji kutoka Chemchem mpaka mjini, na hakuna aliyesema ameuharibu mji. Nyumba ni ya kukaliwa, na mwenye kukaa anahitaji choo safi na umeme usiomuunguza. Mabadiliko yanayomweka mtu nyumbani kwake ni sehemu ya hifadhi. Yanayopaswa kupingwa ni yale yanayomtoa.

Wala hatusemi kuwa kila cha kale ni chema. Mji huu haukujengwa na malaika. Sehemu ya mali iliyosimamisha majumba yale ilitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na soko la watumwa lilikuwa Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mwislamu hafichi dhulma kwa sababu iliandikwa kwa nakshi. Kuhifadhi kwa kweli ni kubakisha na hilo pia, ili watoto wajue kwamba chini ya roshani nzuri palipita watu waliolia.

Basi lifanywe nini? Tunataja manne.

La kwanza ni la wenye mamlaka ya wakfu. Kodi za nyumba za wakfu ziwe za haki, na hesabu yake itangazwe msikitini kila mwaka: kiasi gani kimepatikana, na kiasi gani kimekwenda kwenye ukuta kabla ya kingine chochote. Mpangaji fakiri asaidiwe kwa zaka na sadaka, waziwazi, wala asisaidiwe kwa kulila paa linalomfunika.

La pili ni la serikali. Katika kila fedha inayotozwa kwa mgeni anayekuja kuutazama mji, itengwe sehemu maalumu ya paa za nyumba za wakaazi, itolewe kabla ya masika, na itolewe kwa aliyebaki. Nyumba za wageni za mtaa zijulikane idadi yake na ziwekewe mpaka, na paa lisiruhusiwe kutazama ua wa mtu.

La tatu ni la mafundi. Fundi wa chokaa na fundi wa nakshi awe na wanafunzi, na mwanafunzi alipwe. Chokaa isipochomwa na sakafu isipopigwa kwa kizazi kimoja, hata fedha zikipatikana hatutakuwa na wa kumpa kazi.

La nne ni letu sisi wenye nyumba, na ndilo lililo mikononi mwetu leo. Kabla ya mvua panda juu, uzibue milizamu, uzibe ufa ungali mdogo. Usipake saruji juu ya udongo. Usiuze mlango wa babu yako ili ukapambe nyumba usiyoijua. Ndugu wanaporithi nyumba na wakashindwa kuelewana, wasikimbilie kumwita dalali. Wakae pamoja na mtu mwenye elimu, wauzungumze wakfu wa kizazi kama walivyofanya wazee. Na mwenye wasaa, awakifu japo chumba kimoja, lakini aandike katika sharti zake, kwa wino usiofutika, kwamba matengenezo ni mwanzo.

Ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na la mwanzo katika hayo ni sadaka yenye kuendelea. Wale waliotuwekea nyumba hizi wako makaburini, na kila nyumba inayoanguka kwa uzembe wetu ni thawabu iliyokuwa ikiwafikia nasi tumeikata. Wao hawawezi kushitaki. Lakini iko siku ambayo amana zitaulizwa, na mutawali ataulizwa kwa alichokisimamia, na mrithi kwa alichokirithi, na jirani kwa aliyemwona akihamishwa naye akanyamaza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana, na awape subira na uwezo wale ambao bado wanalala katika nyumba hizo na kusali katika misikiti yake. Amin.

Wa billahi tawfiq.